Uzi Wenye Mafundo na Saa ya Mzee Nyandwi

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kubwa kama sinia, na mkaanza kucheka hata kabla sijaifungua. Nilijua mnachekea nini. Mtu kahangaika na saa za watu maisha yake yote, leo anaambiwa akapumzike, halafu anapewa saa nyingine akaitazame nyumbani! Haya, nimeitundika sebuleni kwangu hapa Kasingirima, juu ya mlango, na inakwenda vizuri. Asanteni sana.

Mliniomba pia niwaandikie mambo ya kazini, hasa ya miaka ile ya wakimbizi, kwa kuwa wengi wenu mlikuwa bado hamjazaliwa au mlikuwa mnabebwa mgongoni. Nitaandika ninayoyakumbuka. Nani alipanda cheo na nani alirukwa, kaulizeni mafaili. Mimi nitasema habari za kazi yenyewe, na kazi yenyewe ilikuwa hii: kumwambia msafiri, kabla hajapanda ndege pale Kigoma, kwamba aendako ni mbali kiasi gani na atachukua muda gani kufika. Ninyi siku hizi mnabonyeza simu, jibu linatokea. Sisi tulikuwa na uzi.

Niliingia kazini nikitokea sokoni Ujiji, ambako nilikuwa nauza migebuka na dagaa pamoja na mama yangu. Shirika moja lilikuwa limeanza kusafirisha wakimbizi waliopata nchi za kuwapokea ng'ambo, na lilitaka karani anayejua hesabu, Kiswahili kizuri na Kiha cha kuombea maji, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Kiha changu kilikuwa hichohicho cha kuombea maji. Warundi na Wakongo walikuwa wamejaa kambini huko njia ya Kasulu na Kibondo, na kila wiki basi liliwateremsha wachache kupitia Kidahwe hadi uwanja wa ndege, nguo zao zimepigwa pasi na viatu vyao vimejaa tope la njiani.

Ofisi yetu ilikuwa banda la mabati kando ya njia ya kurukia ndege, ambayo enzi hizo ilikuwa ya changarawe. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino kirefu, nikidhani ofisi ni ofisi. Kabla ya saa nne nilikuwa nimeshavivua, nakimbiza mbuzi wa watu pekupeku ili ndege itue. Mkuu wangu, Mzee Bitariho, alisimama mlangoni akinitazama bila kucheka hata kidogo. Niliporudi nahema, akaniuliza, "Binti wa Ujiji, hesabu unajua?"

"Najua, Mzee."

"Nani kakufundisha?"

"Mama, sokoni."

"Basi unajua. Hapa mpaka Dar es Salaam ni mbali kiasi gani?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni siku mbili, treni ikiharibika tatu. Akasema, "Sikukuuliza habari za treni." Hilo lilikuwa somo langu la kwanza: watu hupima mbali kwa tabu walizopata njiani. Ndege hupima kwa mafuta.

Mzee Bitariho alikuwa Muha wa Kidahwe, mwembamba, mkavu wa maneno, aliyekulia kazini akipima mvua na upepo pale pale uwanjani. Alinifundisha kila kitu nilichokuja kukijua. Alinifundisha mizani kwanza. Ndege ndogo haipakii mtu bila kumpima, yeye na mzigo wake, na kupimwa mbele za watu ni aibu, hasa kwa wanawake wa kwetu ambao mnawajua. Mzee aliigeuza mizani ikatazama ukutani, akasoma yeye peke yake, akaandika kwenye kikaratasi, akamkabidhi rubani kimyakimya. "Uzito wa mtu ni siri yake na rubani," alikuwa akisema. Mwaka wangu wa kwanza nilimtamkia mama mmoja kilo zake kwa sauti, mama mnene mwenye heshima zake. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Na wewe ulimi wako una kilo ngapi?" Banda zima likaangua kicheko. Sikurudia tena.

Halafu akanifundisha uzi. Ramani kubwa ilikuwepo ukutani, na mimi siku za mwanzo nilikuwa naweka rula juu yake, napiga mstari, najiona fundi. Mzee akaja akaing'oa rula mkononi mwangu. Akatoa kabatini tufe la dunia, la plastiki, lililopasuka kidogo upande wa Australia, na uzi wa pamba wa kushonea nyavu uliopakwa nta usivutike. Uzi ule ulikuwa unazunguka kiuno cha tufe sawasawa, mzunguko mmoja kamili, na alikuwa ameufunga mafundo arobaini kwa vipimo sawa. Kiuno cha dunia ni kilomita elfu arobaini, kwa hiyo kila fundo ni kilomita elfu moja. Ukitaka umbali wa kati ya viwanja viwili, unashika ncha moja hapa, unavuta ncha ya pili kule, uzi unajilaza wenyewe njia iliyo fupi, unahesabu mafundo. "Dunia haikulala mezani," aliniambia. "Ukiipima kwenye karatasi inakudanganya." Ndege kubwa hulimaliza fundo moja kwa saa moja na robo hivi. Nairobi hatuna hata fundo zima kutoka hapa. Dar es Salaam ni fundo moja na kipande. Na kutoka Kigoma hadi mji mmoja wa baridi kule Amerika, ambako tulipeleka watu wengi, ni mafundo kumi na matatu kasoro kidogo, na hapo ni kama ndege ingekwenda moja kwa moja, jambo ambalo haifanyi.

Kutokana na uzi ule nilipata jina. Mpaka leo sokoni Ujiji wapo wanaoniita Mama Uzi, na wageni hudhani ni mshonaji.

Mzee Bitariho alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka nikaichoka. Muda wa safari, alisema, unatafutwa kwa kujumlisha: saa za hewani, ongeza saa za kusubiri. Kamwe usichukue saa ya kufika ukatoa saa ya kuondoka. "Saa za ukutani ni za wenye ukuta," alisema. Nilikuwa naitikia, "Ndiyo, Mzee," halafu akitoka nje, natoa. Kwa sababu, jamani, kwa Dar, Mwanza na Nairobi jibu lilikuwa lilelile! Saa zetu ni moja. Ndege ikiondoka saa nne ikafika saa sita, ni saa mbili, uzi wa nini? Alipostaafu aliniachia tufe na uzi, na kanuni akaniachia pia, lakini ile niliiweka kabatini.

Sasa nifike kambini. Kila Jumanne nilikwenda na tufe langu ndani ya kapu, nikafundisha somo la safari kwa waliokaribia kuondoka. Maswali yao sitayasahau. Mmoja aliuliza kama ndege husimama njiani watu wajisaidie. Mama mmoja alitaka kujua kama kule Kanada ni mbali kuliko Tabora, maana Tabora aliwahi kufika na hakuipenda. Nilikuwa nawaita mbele mmoja mmoja, mtu anashika ncha ya uzi kwa kidole chake mwenyewe pale Kigoma, mimi navuta ncha ya pili, tunahesabu mafundo pamoja kwa sauti. Wengine walikuwa wanalia kabla hatujafika fundo la tano. Nilikuwa nasubiri, halafu tunaendelea kuhesabu.

Hapo darasani ndipo nilipokutana na Mzee Nyandwi, Mrundi wa Rumonge, fundi wa maboti zamani, na mkewe Mama Goreti. Binti yao Goreti alitangulia Amerika, na ilikuwa miaka minane hawajamtia machoni. Safari yao iliahirishwa mara mbili kwa sababu Mama Goreti alikuwa na kifafa. Mara ya kwanza alianguka wiki moja kabla ya kuondoka, mara ya pili siku tatu kabla. Daktari akampangia kidonge kila baada ya saa kumi na mbili, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na akasema mbele yangu: kidonge kisirukwe hata kimoja. Akianguka njiani watashushwa, atalazwa hospitali ya ugenini, na faili lao litaanza upya mwanzo kabisa. Mzee Nyandwi alimsikiliza, akanyoosha mkono wake wenye saa, akasema, "Mimi ndiye nitampa. Hii haijawahi kulala."

Saa yenyewe sasa! Ilikuwa ya kutia ufunguo, mkanda wake umeshonwa kwa uzi wa nyavu, na ilikuwa nyuma saa nzima. Mnajua wenyewe: ng'ambo ya ziwa, Burundi na Kongo, wako nyuma yetu kwa saa moja. Hapa Kigoma tunalifanyia mzaha, kwamba aliyechelewa avuke ziwa. Mzee Nyandwi alivuka akiwa na saa ya kwao, na miaka yote ya ukimbizi alikataa kuisogeza. Hakuchelewa popote, maana alikuwa anapiga hesabu kichwani: sisi tukisema saa mbili, yeye alijua kwenye mkono wake ni saa moja. Lakini mimi, mtu wa saa, ilikuwa inaniwasha.

"Shikamoo, Mzee. Saa yako bado inaumwa?"

"Marahaba, Mama Uzi. Haiumwi. Iko nyumbani."

"Nyumbani wapi, na wewe uko Tanzania?"

"Mimi niko Tanzania. Yenyewe haijahama."

Kila Jumanne tulikuwa na mchezo huo. Nilimtania mpaka mkewe akawa anaanza kucheka akiniona tu naingia na kapu. Nilimwambia kwamba Amerika watamcheka. Nilimwambia kwamba saa isiyosema kweli ni bangili. Alikuwa anatikisa kichwa tu, "Ego, ego," yaani ndiyo ndiyo, na hasogezi kitu.

Safari ya tatu ilipopangwa, ilikuja pamoja na za watu wengine wengi. Wiki hiyo nilikuwa na kadi arobaini za kuandika, kila msafiri na kadi yake: kuondoka, kufika, muda wa safari. Kwa Mama Goreti, Nesi Yusta wa kambini aliniomba niongeze saa za vidonge, ili ajue afungashe vingapi vya mkononi. Haraka haraka haina baraka, lakini nani ana muda wa methali wakati ana kadi arobaini? Nikatazama tiketi. Kuondoka Kigoma saa nne asubuhi. Kufika mwisho wa safari, kesho yake saa kumi alasiri. Nikatoa. Saa thelathini. Kidonge cha kwanza saa mbili usiku wakisubiri Nairobi, cha pili saa mbili asubuhi wakikaribia kutua Ulaya, na kabla cha tatu hakijafika, watakuwa wameshafika kwa Goreti. Nesi akafunga vidonge viwili ndani ya mkoba wa mama. Vilivyobaki, vya miezi mitatu, vikaingia kwenye begi kubwa ambalo likishapakiwa Kigoma hulioni tena hadi mwisho.

Siku ya safari basi lilifika mapema, tope la Kidahwe hadi kwenye vioo. Nikawapima wote, mizani ikitazama ukuta. Mabegi yakapakiwa mkiani mwa ndege, la Mzee Nyandwi likiwa la kwanza kuingia, kwa hiyo chini kabisa ya mengine. Rubani alikuwa Mkenya mrefu asiyependa maneno, na alikuwa anatazama ziwani, ambako mawingu meusi yalikuwa yanatoka milima ya Kongo kuja upande wetu. Njia ya changarawe ikilowa, ndege ile haipai. Akaniambia, "Mama, dakika ishirini, si zaidi."

Wakati huo Mzee Nyandwi akanijia. Alikuwa amevaa koti la suti lisilo lake. Akanyoosha mkono na kukivuta kile kishikizi cha pembeni ya saa.

"Mama Uzi, kwenu sasa hivi ni saa ngapi hasa?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, saa nne kasoro dakika ishirini na tano. Akazungusha polepole, mshale ukapita saa nzima, akabana kishikizi, akaninyooshea nione.

"Nimekaa kwenu miaka yote hii nikiwa nyuma yenu," akasema. "Sikutaka ionekane nimekubali kubaki. Leo naondoka. Acha niondoke nikiwa sawa na ninyi."

Jamani, nilishikwa na furaha na huruma kwa pamoja, na kama kawaida yangu nikaificha kwa utani. Nikasema, "Hatimaye! Miaka yote hii nakuhubiria!" Mkewe akacheka. Kisha Mzee akauliza, kwa adabu tu, kama mtu anayeaga kwa mazungumzo madogo:

"Na huko tuendako, saa zao ziko sawa na zenu?"

"Aa, wapi! Wale wako nyuma saa nane."

Nikasikia maneno yangu mwenyewe. Nyuma saa nane. Nimewafundisha watu hilo kila Jumanne, nikizungusha tufe kwa mkono wangu, na kwenye kadi nimetoa saa ya ukutani mwetu kwenye saa ya ukutani mwa watu wengine. Nikaingia bandani, nikachukua uzi kwenye tufe. Nairobi hadi Ulaya, mafundo saba kasoro. Ulaya hadi kule, saba tena kasoro. Saa kumi na saba za hewani. Ongeza mbili za Kigoma hadi Nairobi. Ongeza kumi na mbili za kusubiri Nairobi na saba za kusubiri Ulaya. Saa thelathini na nane.

Kidonge cha tatu kilikuwa kinatakiwa katikati ya bahari, na kwenye mkoba hakikuwepo. Tena Mzee angeshuka, angeweka saa yake sawa na ya kule, angesoma kadi yangu, na angengoja mpaka saa mbili ya usiku ya kwao. Saa ishirini tangu kidonge cha mwisho. Kwa mtu ambaye daktari amesema asizidishe kumi na mbili.

Nikiri hapa hapa, kwa kuwa wengine wenu mnaniona kama mtu asiyekosea: kwa muda kidogo niliwaza kunyamaza kwanza. Nipige simu Nairobi, nimwombe mtu awatafutie vidonge, kimyakimya, kama uzito wa mtu. Nairobi walikuwa na saa kumi na mbili za kusubiri. Lakini kidonge kile hakipatikani kila duka, na mtu wa Nairobi angeweza kusahau. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya hayakuwa yangu. Nikatoka nje nikamwambia rubani mbele ya wote, "Kapteni, nahitaji begi la chini kabisa."

"Mama, unayaona mawingu?"

"Nayaona. Nimekosea hesabu mimi, si mtu mwingine. Bila begi lile, mama huyu ataanguka juu ya bahari, na wewe hutakuwepo, na mimi sitakuwepo."

Alinitazama. Akatazama ziwa. Halafu akaanza kushusha mabegi mwenyewe, na wapakiaji wakamfuata. Nikawageukia Mzee na mkewe, nikawaeleza kosa langu tangu mwanzo, taratibu, kama nilivyowaeleza mambo yote. Nilitegemea Mzee akasirike, na angekuwa na haki. Aliyejibu ni Mama Goreti, ambaye kwa kawaida alikuwa mtu wa kucheka tu.

"Kwa hiyo ningeanguka baharini?"

"Ungeanguka, mama. Nisamehe."

"Basi watoe hilo begi," akasema. "Kuanguka nimeanguka sana, lakini nchi kavu."

Begi likatoka. Nesi Yusta, aliyewasindikiza na basi, akalifungua pale pale kwenye changarawe. Nguo zikatoka, kopo la mawese likatoka ambalo hatukuliuliza, vidonge vikapatikana. Vyote vikaingia kwenye mkoba wa mkononi, vyote, si vitatu wala vinne. Tone la kwanza la mvua likanipata mkononi.

Ikabaki saa. Mzee alikuwa ameshakishika tena kile kishikizi, uso umemshuka, anataka kuirudisha kama ilivyokuwa. Huenda alidhani tabu yote hii imeletwa na kuisogeza. Nikamshika mkono. Nafikiri ndiyo mara pekee niliyomshika mzee yule.

"Usiiguse tena, Mzee. Iache hapo hapo. Nairobi watakuambia saa yao, Ulaya watakuambia ni saa nyingine, ndani ya ndege watatangaza nyingine. Usimsikilize mtu. Saa hii ikisema saa mbili, mpe kidonge. Ikisema tena saa mbili, mpe kidonge. Usiisogeze mpaka Goreti akushike mkono."

Akanitazama, uso ukaanza kumfunguka. "Mama Uzi. Wewe unaniambia mimi nisibadilishe saa?"

"Mimi."

"Kila Jumanne umenisema."

"Nilikusema. Nilikuwa mjinga."

Alicheka, ndugu zangu, alicheka mpaka koti likamvuka begani. Nikaichana ile kadi, nikamwandikia nyingine juu ya goti, yenye mstari mmoja tu: saa thelathini na nane, kwa saa iliyo mkononi mwako. Wakapanda. Injini zikawaka, changarawe ikaruka, ndege ikainuka ikaelekea mashariki, na haikupita muda mvua ikashuka juu ya banda kwa kishindo hata hatukusikiana.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Ofisini niliandika upya kadi zote zilizobaki, kwa kujumlisha, na uzi. Jumapili nilikwenda Kidahwe nikamweleza Mzee Bitariho kila kitu. Alikuwa anamenya mihogo kibarazani. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja: "Ulilisema mbele yao?" Nikamwambia nililisema. "Basi chukua kisu kile, unisaidie mihogo," akasema, na hatukulizungumza tena mpaka anafariki.

Simu ilikuja Jumatatu jioni, nikiwa najiandaa kufunga ofisi. Ilikuwa ni Goreti, na nyuma yake nilisikia vyombo vikigongana. Akasema wamefika salama, wamelala kama magogo siku mbili. Mama yake alimeza kidonge angani juu ya bahari, baba akiwa amemshikia kikombe, na abiria wa jirani akiuliza kwa nini mzee huyu hatazami dirishani, anatazama mkono tu. Nilikaa chini. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, hata mlinzi akaja kuchungulia. Halafu Mzee Nyandwi akachukua simu.

"Mama Uzi, mwaramutse!"

"Habari za asubuhi za nini, Mzee, huku ni jioni."

"Najua ni jioni. Huku Goreti anachemsha chai ya asubuhi. Watu wa huku wananicheka, kama ulivyosema. Wananiambia saa yangu imekosea."

"Si uisogeze sasa! Goreti hajakushika mkono?"

"Kanishika. Hajaniachia tangu uwanja wa ndege." Kisha akaongeza, "Lakini hii ndiyo saa niliyotoka nayo nyumbani."

Nilidhani ameirudisha kwenye saa za Rumonge. Nikamuuliza, "Mkononi mwako ni saa ngapi?"

"Kumi na moja na dakika ishirini."

Nikainua macho kwenye saa ya ofisini. Ilibidi nifute machozi kwanza ndipo niione vizuri. Nikamwambia, "Mzee, uko nyuma dakika mbili."

"Afadhali," akasema. "Zamani ilikuwa saa nzima."